Uzi wa Kutoka Nairobi mpaka London

Zebedayo hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, na kama angeulizwa achague, angechagua hilo la pili bila hata kukohoa. Kule Vudee, mlimani juu ya Same, yeye ndiye aliyekuwa mgawa maji, na mgawa maji akipendwa sana, ujue kuna mtu anaibiwa.

Ndiva ni bwawa la udongo. Mfereji unalijaza usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka mashambani kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Pale ukingoni Zebedayo alichomeka fimbo yake ya mpingo, na chini akapanga makokoto. Kivuli cha fimbo kikigusa kokoto lako, zamu yako imeanza. Kikigusa la mwenzio, imekwisha. Na sheria ya ndiva haikuwa na pembe wala mkia: kivuli kikifika na wewe hupo na jembe lako, maji yanakwenda kwa anayefuata. Usilete habari za ng'ombe kuzaa wala mkwe kuja. Siku mkewe Ernesta alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Zebedayo alikaa mlangoni kumsubiri mkunga azungumze, na zamu yake mwenyewe ikampita. Watu walimwambia, "Chukua, nani atakunyima leo?" Akakataa. Mwaka huo maharage yake yalikauka, na Ernesta alikula makande ya kuombaomba huku ananyonyesha. Watu waliisimulia habari hiyo kwa sifa. Ernesta hakuisimulia kamwe.

Mtoto huyo ndiye Tumainieli. Alikuwa na kichwa, jamani, hilo tusimnyime. Alitoka shule ya misheni akaenda Moshi, akatoka Moshi akaenda Makerere, na mwaka wa 1949 serikali ikampeleka Uingereza kusoma sheria. Mlima mzima ulishuka Same kumsindikiza kwenye treni. Yudith, dada yake, alikuwa ameolewa Mamba mwaka mmoja kabla, na siku anapelekwa kwa mumewe baba yake alimsindikiza mpaka kijitoni, akarudi kuwahi kivuli.

Barua ya kwanza ilipofika, Zebedayo aliisoma kwa kufuatisha kidole, akairudia, akakasirika. Kijana ameandika kwamba kutoka Nairobi mpaka London amekaa angani siku moja na usiku wake, na humo ndani wametua Khartoum, Kairo na Roma! Zebedayo alijua mtu anayetia chumvi. Akavaa koti lake akaenda kwa Mwalimu Gideoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe Nairobi. Halafu nionyeshe London."

Mwalimu akamletea tufe la shule, lile lililopasuka kidogo upande wa bahari. Zebedayo akalitazama kwa mashaka, kisha akatoa mfukoni uzi wa kushonea magunia. Akaubana Nairobi kwa kidole gumba, akauvuta ukanyooka juu ya Sudani, juu ya Misri, juu ya bahari, mpaka London, akaukata hapo hapo kwa meno.

"Sasa tuuzungushe," alisema.

Wakauzungusha uzi ule kwenye mstari wa katikati ya dunia, wakihesabu. Mara ya sita ukakaribia sana kufika pale ulipoanzia.

"Dunia nzima ni maili elfu ishirini na tano," alisema Mwalimu. "Gawa kwa sita. Ni kama maili elfu nne na mia mbili, mzee. Na ndege inakwenda maili mia mbili na hamsini kwa saa. Weka saa kumi na saba za kuruka, ongeza za kutua na kujaza mafuta. Kijana hajasema uongo."

Zebedayo akauviringa uzi kidoleni. Alikuwa mtu wa vipimo, na kipimo kikishasema, yeye hukitii. Kisha akauliza swali moja.

"Kutoka hapa kwenda Mamba kwa binti yangu, kwa mguu, ni siku moja na nusu. Sasa unataka kuniambia Tumainieli yuko karibu kuliko Yudith?"

Mwalimu akacheka. "Kwa ndege, ndiyo, mzee."

Loo, ule ulikuwa mwanzo wa msiba, na mwalimu wa watu anacheka! Maana Zebedayo alirudi nyumbani na uzi wake, akaufunga kwenye fimbo ya ndiva, akaanza kupiga hesabu. Simu ya maandishi kutoka Same, siku hiyo hiyo imefika. Ndege, siku moja na usiku wake. Basi kutoka Nairobi mpaka Moshi, siku moja. Treni mpaka Same na kupanda mlima, siku moja. Siku tatu! Aliwaambia watu wa zamu, aliwaambia wazee kanisani, alimwambia kila aliyepita na asiyepita. Mama mwenye mtoto mbali akilia habari za mwanawe aliyekwenda mkonge Tanga, Zebedayo husema, "Wangu yuko siku tatu," kama mtu anayejisifia ng'ombe.

Ernesta alilipenda neno hilo kuliko yeye. Alikuwa akilisema peke yake anapochambua maharage, siku tatu, siku tatu.

Halafu akaugua. Lilianza tumbo, miguu ikafuata kuvimba, na mwanzoni mwa mwaka wa 1951 hakuweza tena kufika mtoni. Daktari wa misheni alimpapasa, akamchukua Zebedayo pembeni, akamwambia dawa aliyonayo ni ya kupunguza maumivu, si ya kuponya. Habari zikafika Mamba. Yudith akaja kwa mguu, mimba ya miezi sita mbele na mzigo wa tangawizi kichwani, siku moja na nusu, akalala njiani kwa watu asiowajua. Baba yake alikuwa ndivani alipofika. "Umefika," alimwambia, akarudisha macho kwenye kivuli. Hakumuuliza njia ilikuwaje.

Yudith akajifungulia pale pale, wiki hii anazaa, wiki ijayo anamgeuza mama yake kitandani. Mumewe alituma salamu mara ya kwanza, mara ya pili akatuma lawama, mara ya tatu hakutuma kitu. Yudith alimwogesha mama, akamkorogea uji, akambeba mtoto mgongoni akarudi tena kitandani.

Ernesta alikuwa na ombi moja tu.

"Baba Tumainieli," alisema, "mwite mwanangu nimwone."

"Bado, Mama Tumainieli. Tusimkatize masomo. Siku tatu tu. Tutamwita wakati wake."

Alimwambia hivyo mwezi wa pili. Akamwambia hivyo mwezi wa nne. Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi, Ernesta aliomba tena, safari hii kwa sauti ndogo ambayo ilibidi Yudith airudie ili isikike.

"Anasema umwite, Baba."

"Nimesikia. Maji hayafunguliwi kabla ya zamu."

"Baba, ugonjwa hauna kokoto."

"Unanifundisha kupima, wewe?" Zebedayo aling'aka. "Ningekuwa na mtoto asiyejulikana aliko, ningekimbia leo. Huyu njia yake naijua hatua kwa hatua. Nikiona hali inageuka, nitamwita, na atafika hajachelewa wala hajapoteza siku moja ya masomo."

Unaona ujinga wa mtu mwerevu? Mjinga wa kawaida angekuwa amekwisha kupiga simu tangu Februari kwa woga tu. Yeye alikaa juu ya hesabu yake kama kuku juu ya mayai. Na barua alizomwandikisha Mwalimu Gideoni kwenda London zilisema, "Mama yako hajambo, anakusalimu sana, soma kwa bidii."

Ernesta alikata roho alfajiri ya Jumanne. Hali haikugeuka kwanza ili ionekane. Yudith alikwenda kuchochea moto wa uji, aliporudi mama yake amekwisha kwenda.

Zebedayo alisimama mlangoni kwa muda mrefu, koti halijafungwa vifungo. Kwa desturi yao, mzazi akifa, wa kwanza kumtupia udongo ni mzaliwa wake wa kwanza wa kiume, ndipo wengine waguse jembe. Ernesta alikuwa amelisema mwenyewe siku moja, bila kulalamika: kama hamtaniletea nimwone, basi niletewe anizike. Hilo Zebedayo alikuwa amemwahidi. Alimwahidi kwa mkono.

"Hazikwi mtu mpaka Tumainieli afike," aliwaambia waliokuja kulia. "Siku tatu." Akashuka Same.

Alifika mchana, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Karani wa simu alikuwa kijana mtaratibu wa Tanga, jina lake Athumani. Alimpa pole, akampa kiti, akaandika maneno machache ya Kiingereza akayagonga. Zebedayo hakurudi mlimani. Alikaa pale, akala ndizi mbili alizoletewa na mke wa Athumani, na asubuhi ya Jumatano jibu likaja.

Athumani alilisoma kimya kwanza. Kisha akamtazama yule mzee, akatamani, ilionekana wazi, kwamba angekuwa amepewa kazi nyingine duniani.

"Anasemaje?" aliuliza Zebedayo. "Amekwisha panda?"

"Mzee, anasema amesikitika sana. Ana mtihani Ijumaa. Hawezi kuja. Anasema mzike, barua inakuja."

"Soma tena."

Athumani akasoma tena.

"Niandikie kwa Kiswahili."

Athumani akaandika nyuma ya karatasi kwa penseli: *Masikitiko makubwa. Mtihani Ijumaa. Siwezi. Zikeni. Barua inakuja. Tumainieli.* Zebedayo akapitisha kidole chini ya maneno yale, moja moja, kama mtu anayekagua mfereji kutafuta panapovuja. Hakupata. Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa ndani.

"Lakini ni siku tatu tu," alimwambia Athumani. "Nimepima mwenyewe."

"Najua, mzee. Pole sana."

Njia nzima ya kupanda alikuwa na hasira, na alitafuta pa kuiweka. Mtihani! Mama yake hajazikwa, yeye mtihani! Asante ya punda ni mateke. Lakini kila alipokata kona moja, sauti nyingine ilimwuliza: na wewe ulimwandikia nini? Hajambo, anakusalimu. Mtoto amepata habari ya ugonjwa na ya kifo kwa pumzi moja, na aliyemficha ni nani? Akakaza mwendo ili asilijibu swali hilo.

Alikusudia kusema kweli. Tuseme haki: alikusudia. Lakini alipofika penye ndiva, wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika na majembe yao, wamekuja kama kwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, bila kupigiwa pembe, na wote wakamgeukia. Yusto, mzee wa zamu ya kwanza, akauliza, "Anakuja?" Na waliomtazama walikuwa watu ambao kwa miaka ishirini na mitano hawakuwahi kukipima upya kipimo chake.

"Anakuja," alisema Zebedayo.

"Lini?"

"Ijumaa. Kivuli kikifika kokoto la nne."

Ilimtoka hivyo. Haikumchukua hata nusu ya dakika kuutupa ukweli wa maisha yake yote.

Alhamisi ukungu haukuinuka. Mwili wa Ernesta ulikuwa chumba cha nyuma, juu ya majani ya mgomba, na Yudith alikuwa akibadilisha majani ya mkaratusi kila baada ya muda na kufunga kitambaa puani. Koti la Zebedayo lilikuwa limelowa; Yudith akalichukua bila kusema akalitundika juu ya moto likauke. Jioni alimrudishia likiwa na joto. Alimtazama kwa muda kidogo, kisha akaenda kumnyonyesha mtoto.

Raheli, mdogo wake Ernesta, hakuwa mtu wa kutazama akanyamaza.

"Shemeji, mwili hausubiri ndege. Unasikia harufu au husikii?"

"Nasikia."

"Basi tumzike dada yangu. Mtoto wa London umemtegemea bure, fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyemuuguza yumo humu ndani."

"Nimesema Ijumaa," alijibu Zebedayo, na karatasi mfukoni ilimchoma kama kaa la moto. Aliwaza: labda atajuta. Labda ameamka leo asubuhi akautupa mtihani, amekimbilia uwanjani, na sasa hivi yuko juu ya Misri. Mwenye vipimo vyote hivyo alikuwa sasa anaomba muujiza, na kila alipouomba aliuhesabia saa.

Ijumaa watu walijaa uani tangu asubuhi. Kaburi lilikuwa tayari nyuma ya nyumba, sanduku limekwisha kushushwa, udongo mwekundu umerundikwa kando. Zebedayo aliing'oa fimbo yake kule ndivani, ikiwa na uzi wake umeviringwa kichwani, akaichomeka karibu na kaburi. Akapanga makokoto manne. Lakini ukungu ulikuwa umefunika, na fimbo haikuwa na kivuli. Mchungaji alisoma sala, akaisoma nyingine, akaishiwa. Wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka. Kila mbwa alipobweka kule bondeni, vichwa vyote viligeukia njia ya Same, na kichwa cha Zebedayo kilikuwa cha kwanza. Hapo ndipo ungemhurumia, hata kama humpendi: mtu anajua kwamba hakuna anayekuja, na bado anageuka.

Saa saba mchana jua likatoboa. Kivuli kikatokea ghafla, tayari kimelipita kokoto la tatu, kikawa kinatambaa kwenda la nne. Mtoto wa Yudith alipiga chafya, watu wakashtuka.

Kikagusa.

Zebedayo akasubiri. Kikalifunika kokoto. Kikaanza kulivuka. Kwa maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu muda huo, na sasa aliutoa mbele ya mlima mzima, na hakuna aliyemsema.

"Zamu imempita," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ile ya ndivani. "Anayefuata."

Watu wakatazamana. Anayefuata alikuwa nani? Ernesta alizaa wawili tu.

"Yudith, mwanangu. Njoo."

Minong'ono ikapita, udongo wa kwanza kwa mkono wa mwanamke, hilo halikuwahi kuonekana. Yusto alifungua mdomo, Raheli akamkata jicho, akaufunga. Yudith akampa Raheli mtoto, akainama, akajaza viganja viwili udongo. Lakini hakwenda kaburini moja kwa moja. Alipita kwanza aliposimama baba yake, karibu sana, akazungumza kwa sauti ambayo mwingine hakuisikia.

"Karatasi niliirudisha mfukoni mwako, Baba. Niliisoma jana nilipokausha koti."

Zebedayo akapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani, akaigusa.

"Nilitaka nione utafika wapi," alisema Yudith. "Sasa niambie kitu kimoja, wewe mpimaji. Kutoka kitanda cha mama mpaka jikoni ni hatua ngapi?"

Hakujua. Alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile miaka thelathini.

"Tisa," alisema Yudith. "Na kila aliponiita nilifika. Siku moja tu sikuwahi, na bado najilaumu. Wewe ulimwacha amwite mtoto wake miezi mitano, ukamwambia London ni karibu."

Akaenda akatupa udongo. Ulianguka juu ya sanduku kwa kishindo kidogo, na ndipo wengine wakachukua majembe. Zebedayo alipewa jembe naye, akatupa wakati wake ulipofika, na watu wakasema baadaye kwamba mzee alijikaza sana. Aibu yake hakuna aliyeijua. Yudith hakumwambia mtu, wala Raheli, na siku ya arobaini alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya Mamba, kwenda kuona kama bado ana mume. Baba yake alitaka kumsindikiza kupita kijito. Yudith akamwambia arudi, asichelewe kivuli.

Barua ya London ilikuja. Ilikuwa ndefu, na mahali fulani kijana ameuliza, *kwa nini hamkuniambia anaumwa?* Zebedayo alimpelekea Mwalimu Gideoni ajibu, wakakaa, Mwalimu akachovya kalamu, wakakaa tena. Hawakuandika kitu siku hiyo.

Fimbo alimpa Yusto. Alisema macho yamechoka, watu wakaamini. Uzi hakuutoa, uliendelea kuzunguka kichwani mwa fimbo pale ukingoni mpaka mvua zikauozesha.

Lakini jioni ile ile ya maziko, waombolezaji walipokuwa wakila uani, Raheli aliingia ndani kutafuta bakuli akamkuta shemeji yake amesimama kando ya kitanda kilichokwisha kutandikuliwa. Alikuwa amevua viatu. Alipiga hatua kuelekea jikoni, moja, mbili, tatu, midomo inacheza, mpaka akagusa figa kwa kidole cha mguu. Raheli akamwuliza anatafuta nini. Zebedayo hakugeuka. Alirudi kitandani akaanza kuhesabu upya, maana zilikuwa zimetoka nane, na alijua ni kwa sababu hatua zake ni ndefu kuliko za Yudith.